Kubadili namna ya kuhesabu bangi halali kule Washington: hela inaenda wapi hasa?

Muswada unaweza kuwa na kurasa mbili tatu tu, na humo ndani kuna sentensi moja inasema kuanzia tarehe fulani kila mmea wa bangi, au kila kipakti kinachouzwa dukani, kifuatiliwe kwa namna mpya. Basi. Mbunge anaisoma anaona iko sawa, anauliza tu itagharimu dola ngapi, halafu bodi ya jimbo inayosimamia bangi inarudisha makadirio na watu wanashika vichwa: mamilioni tena? si kubadilisha programu tu jamani?

Ndo hapo watu wengi wanapopotea. Programu yenyewe ni kipande tu, tena mara nyingine kipande kidogo. Nitaielezea hii ishu kwa kutumia jimbo la Washington (kule Seattle, sio ule mji wenye Ikulu ya Marekani) kwa sababu hawa jamaa wamebadilisha mfumo wao mara mbili ndani ya miaka isiyofika kumi, na kila badiliko limeacha bili yake, zingine kwa serikali zingine kwa wakulima na wenye maduka.

Kwanza kwa nini wanahesabu. Wananchi wa Washington walipitisha hoja namba 502 Novemba 2012 na maduka ya kwanza yakafunguliwa 8 Julai 2014. Ila kwa serikali kuu ya Marekani bangi ilikuwa bado haramu kabisa, kwa hiyo jimbo lilikuwa linafanya biashara ambayo wakubwa wake wanaiita uhalifu. Agosti 2013 naibu mwanasheria mkuu James Cole akatoa waraka, maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba hatutawasumbua sana, ila hakikisheni bangi yenu haivuki kwenda majimbo mengine, haifiki kwa watoto, hela yake haiendi kwa magenge, na mambo mengine kadhaa. Sasa utathibitishaje kwamba haivuki? Lazima uwe na daftari linaloonyesha kila gramu ilizaliwa wapi na ikaishia wapi. Daftari hilo ndo mfumo wa ufuatiliaji, na kazi ya kulisimamia ikapewa bodi ambayo sasa inaitwa bodi ya jimbo ya pombe na bangi, Liquor and Cannabis Board, makao yake Olympia. Waraka wenyewe ulifutwa na Jeff Sessions, mwanasheria mkuu wa Marekani wakati huo, 4 Januari 2018 lakini daftari likabaki, maana kodi nayo inalitegemea, na ikitokea bidhaa ina sumu ya dawa za wadudu lazima ujue imeenda maduka gani uirudishe.

Ukitaka picha ya haraka fikiria ile stika ya KRA kwenye chupa ya maji, au stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye soda na bia, kila chupa ina namba yake na mzalishaji ndo anailipia. Tofauti ni kwamba soda inaanza kuhesabiwa kiwandani ikiwa tayari ni soda. Bangi inaanza kuhesabiwa ikiwa mmea, na mmea unakua, unakufa, unakatwa vipandikizi vinavyokuwa mimea mingine, unavunwa ukiwa umelowa, unakauka na kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, majani yanatupwa (na taka nazo zinahesabiwa, la sivyo "taka" ndo ingekuwa njia ya kuiba), maua yanagawanywa kwenye loti (mafungu), loti inatoa sampuli kwenda maabara, inayobaki inaenda kwa msindikaji, mwingine anakamua mafuta, mafuta yanaingia kwenye peremende, peremende zinaingia kwenye boksi, boksi linapanda gari likiwa na hati ya safari, linafika dukani, linauzwa moja moja. Kila hatua kitu kimoja kinageuka kuwa vitu vingi au vitu vingi vinageuka kuwa kimoja. Na Washington wamekataza mwenye duka kumiliki shamba, kwa hiyo mzigo lazima ubadilishe mikono kati ya kampuni tofauti, na kila unapobadilisha mikono lazima daftari la huyu likubaliane na la yule.

Sasa chukua hilo daftari useme "tubadilishe kidogo tu". Mfano mwanzoni Washington ilisema loti moja ya maua isizidi pauni 5, kilo mbili na kidogo hivi. Loti ndo inapimwa maabara. Ukibadilisha ukubwa wa loti umebadilisha idadi ya namba za utambulisho, umebadilisha idadi ya vipimo na mapato ya maabara, umebadilisha fomu, umebadilisha hesabu ambayo mkaguzi anaifanya akiingia shambani. Mstari mmoja tu. Ukisema tena tuache kufuatilia loti tuanze kufuatilia kila kipakti, hapo umezidisha rekodi kwa mamia, na seva zinazotosha leo hazitatosha kesho.

Nani anakadiria gharama? Huko Washington mbunge au kamati wakiomba, shirika husika linaandika karatasi ya makadirio na ofisi ya fedha ya jimbo inaikusanya na kuipeleka. Muda wenyewe wa kawaida ni masaa 72 labda aliyeomba aongeze, maana bunge lao likikaa linakaa siku 105 mwaka wa witiri na siku 60 mwaka wa shufwa, hakuna muda wa kulaza mambo. Fikiria hapo, masaa 72 ya kukadiria bei ya mfumo wa komputa ambao hata haujachorwa! Ndo maana ukizisoma hizi karatasi utaona nusu yake ni dhana: tunadhania tutanunua mfumo uliopo sokoni, tunadhania kanuni zitachukua mwaka, tunadhania wenye leseni watatumia programu zao wenyewe. Ukibadilisha dhana moja, jumla ya chini inaruka.

Kwenye karatasi kuna hela zitakazoingia, hela zitakazotoka kwa kila mwaka wa fedha (wao unaanza 1 Julai), na watu. Watu wanahesabiwa kwa vipande, unaweza kukuta 0.3 ya mtu, mgeni anacheka, ila maana yake ni mtumishi mmoja atatumia kama theluthi ya muda wake kwa kazi hiyo. Na hapa kwenye watu ndo kwenye utamu. Kabla hata ya kununua chochote kuna mtu wa kuandika kanuni, na kanuni zina hatua zake, unatangaza nia, unatoa rasimu, unasikiliza watu, unatoa za mwisho, na mwanasheria wa serikali anayekushauri naye anatoza shirika lako masaa yake. Kuna mchambuzi wa kukaa na wakulima ajue kazi inafanyikaje shambani, kuna mtu wa manunuzi wa kuendesha zabuni, kuna meneja wa mradi, na mradi mkubwa wa teknolojia kwenye serikali ya jimbo unatakiwa uwe na mkaguzi wa nje wa ubora, analipwa ili aseme mradi unaenda vibaya kabla haujaenda vibaya kabisa. Baadaye kuna mafunzo kwa wakaguzi na dawati la msaada, na dawati la msaada wiki ya kwanza ya mfumo mpya ni vita. Halafu kuna kuhamisha data. Watu wa bajeti huwa wanaiandikia mstari mdogo, mimi naona ni kosa, kwa sababu data ya zamani ina uchafu wa miaka: mimea iliyokufa haikufutwa, uzito uliokosewa nukta, maduka yaliyofungwa bado yana stoku hewa. Uhamishe na uchafu wake? Usafishe, kwa hela ya nani? Au uanze upya na kumwambia kila mwenye leseni ahesabu stoku yake yote na kuiingiza upya? Hii ya mwisho kwenye karatasi ya serikali ni karibu bure.

Hebu tuone walivyofanya kweli.

Mfumo wa kwanza ulikuwa wa kampuni inaitwa BioTrackTHC, kila kitu kina namba ya tarakimu 16. Mkataba ulikuwa unaisha 31 Oktoba 2017. Bodi ikatangaza zabuni, mshindi wa mwanzo akawa Franwell, wale wenye mfumo wa Metrc unaotumika Colorado, Oregon na majimbo mengine mengi. Metrc wanatumia lebo zenye chipu ya redio, unapita na kifaa kinasoma mimea mingi kwa mpigo, na lebo hizo unanunua kwao. Wakulima wa Washington hawakuzitaka, bodi nayo ilitaka mfumo usiomlazimisha mtu aina ya lebo, mazungumzo yakavunjika katikati ya 2017. Bodi ikahamia kwa MJ Freeway na mfumo wao Leaf Data Systems. Kumbuka MJ Freeway hao hao Januari 2017 walikuwa wameshambuliwa na wadukuzi, programu yao ya madukani ikazimika nchi nzima, maduka mengine yakarudi kwenye kalamu na karatasi. Sisemi bodi ilikuwa na chaguo zuri zaidi mezani, tarehe ya mwisho wa mkataba ilikuwa inawakimbiza, ila hiyo ndo bei ya kufanya manunuzi saa imebaki ndogo.

Tarehe 1 Novemba ikafika, mfumo mpya hauko tayari na wa zamani mkataba umeisha. Kwa miezi mitatu tasnia nzima ikaendeshwa kwa mpango wa dharura, wenye leseni wanatuma majedwali kila wiki, yaani jimbo lenye biashara kubwa hivyo likawa linafuatilia bangi kwa Excel. Leaf ikawashwa 1 Februari 2018. Siku mbili baadaye, tarehe 3, mtu akaingia akachukua nakala ya hifadhidata, na ndani yake zilikuwemo taarifa za safari za mizigo za siku hizo za kwanza, njia na magari. Kwa biashara nyingine ungesema ni data tu, ila hapa ni magari yaliyobeba bangi na pengine fedha taslimu, kwa hiyo ukijua gari lipi linapita wapi umejua sana. Hakuna karatasi ya makadirio iliyokuwa na mstari wa hilo, na isingeweza kuwa nao.

Leaf haikutulia. Julai 2019 waliposukuma toleo jipya mambo yakakwama tena, mizigo ikashindwa kutoka kwa sababu hati hazikubali kutengenezeka au duka haliwezi kupokea kwenye mfumo. Siku ambazo mkulima ana mzigo umekaa store huku mishahara inamsubiri, hizo ni gharama za kubadilisha mfumo kama gharama nyingine yoyote, tofauti ni kwamba zinaandikwa kwenye daftari la mkulima sio la bodi.

Na tukifika kwenye hela zenyewe, mwaka 2017 bunge la jimbo liliweka ada ya nyongeza ya dola 480 juu ya ada ya leseni ya dola 1,000, kwa mwaka mmoja, ili kulipia mfumo mbadala. Kwa hiyo wale wale waliokuja kukwama ndo walikuwa wamechanga. Unaweza kusema dola 480 kwa biashara sio kitu, sawa, ila hiyo ilikuwa ada ya kuingilia tu, bado programu yako ya dukani inayotakiwa kuongea na mfumo wa serikali, na aliyekutengenezea anakutoza kila mwezi, na serikali ikibadilisha mlango wa mfumo wake yeye anaandika upya na gharama inarudi kwako kwa njia moja au nyingine.

Linganisha na majimbo ya Metrc. Bei iliyozoeleka huko ni dola 40 kwa mwezi kwa kila leseni, lebo ya mmea senti 45, lebo ya kifurushi senti 25. Dola 40 mara miezi 12 ni 480, namba ile ile, imetokea tu hivyo. Mkulima mwenye mimea 5,000 kwa mvuno analipa dola 2,250 za lebo za mimea peke yake, akiwa anavuna ndani ya nyumba mara nne kwa mwaka ni dola 9,000, na lebo zinatupwa, hutumii tena. Oklahoma wenye leseni walikwenda mahakamani kupinga huo utaratibu na wakachelewesha mpaka 2022. California wao waliamua jimbo ndo linalipia lebo na akaunti, kwa hiyo gharama ile ile inaonekana kubwa kwenye vitabu vya California na inaonekana ndogo kwenye vitabu vya Oklahoma wakati lebo ni ile ile na mmea ni ule ule! Mtu akikuletea jedwali la "majimbo yanatumia kiasi gani kufuatilia bangi" bila kukuambia nani analipa lebo, jedwali hilo halikusaidii kitu.

Na kuna ubaya mwingine wa kumsukumia mwenye leseni. Sheria ya kodi ya serikali kuu, kifungu 280E, kwa miaka yote hii ninayoizungumzia ilimkataza mfanyabiashara wa bangi kukata matumizi ya kawaida kwenye kodi yake ya mapato, anaruhusiwa gharama ya bidhaa yenyewe tu. Mwenye duka akilipa programu ya kufuatilia stoku, hela hiyo haipunguzi kodi yake kama ambavyo ingempunguzia muuza viatu. Kwa hiyo dola moja ambayo serikali ya jimbo "imeokoa" kwa kumpa mwenye duka mzigo wa kuripoti inaweza kumuuma huyo mwenye duka zaidi ya dola moja.

Mwaka 2021 bodi ikasema basi. Ikaachana na Leaf na Desemba mwaka huo ikawasha kitu chake chenyewe, CCRS (Cannabis Central Reporting System), ambacho ukikiangalia kwa haraka unashangaa: ni sehemu ya kupakia mafaili ya CSV, yaani majedwali ya kawaida tu. Faili la mimea, faili la mavuno, la stoku, la marekebisho ya stoku, la mauzo, la vipimo vya maabara na kadhalika. Unapakia kila wiki. Hati ya safari bado lazima iwepo kabla gari halijatoka, lakini ile ndoto ya serikali kuona kila kitu kinapotokea papo hapo ikawekwa pembeni. Hata jina wakabadilisha, sasa ni kuripoti, sio tena kufuatilia.

Mimi naona ulikuwa uamuzi wa akili, nitakuambia kwa nini, halafu nitakuambia ulivyo na bei yake. Akili kwa sababu mfumo wa serikali ukizimika leo duka linaendelea kuuza, ripoti itapakiwa wiki ijayo. Gharama ya kuendesha iko chini, humlipi mtu wa nje kwa kila badiliko, na mwenye leseni mdogo asiye na hela ya programu anaweza kujaza jedwali mwenyewe. Bei yake: data inafika imechelewa na imekosewa kwa namna mia, mmoja ameandika gramu mwingine pauni, huyu kasahau kufunga loti, muuzaji kaandika katuma 50 mnunuzi kaandika kapokea 48, na mfumo hauwazuii mlangoni kama ule wa zamani uliojaribu kuwazuia. Maana yake kazi imehama kutoka kwenye programu kwenda kwa binadamu, unahitaji wachambuzi wa kukaa na mafaili hayo na kusema hapa kuna harufu, mkaguzi aende akaangalie. Serikali ikikataa kuajiri hao wachambuzi basi inakusanya mafaili tu.

Kwa hiyo leo mbunge akija na muswada wa kusema turudi kwenye kufuatilia mmea kwa mmea papo hapo, au tuweke msimbo wa QR kwenye kila kipakti ili mteja aweze kuscan aone vipimo vya maabara, karatasi ya makadirio itakuwa kubwa, na sio kwamba bodi inaogopa kazi. CCRS haikujengwa kwa ajili hiyo. Itabidi waanze na zabuni au wajenge upya, waendeshe mifumo miwili sambamba kwa muda (nina hakika baada ya Novemba 2017 hakuna mtu Olympia anayetaka tena kuzima wa zamani kabla mpya haujawaka), waandike kanuni, wafundishe wenye maduka kama 500 na wakulima na wasindikaji zaidi ya hao, na wasafishe data ya miaka yote.

Kuna watu wanasema hela ipo, jimbo linatoza ushuru wa asilimia 37 kwa bangi inayouzwa dukani na linaingiza mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, milioni chache za mfumo ni nini? Ila hela ile inaingia kwenye akaunti maalum ambayo sheria imeshaigawa, sehemu kubwa kwenye afya, sehemu mfuko mkuu, miji na kaunti nazo zina fungu. Ukitoa milioni tano za mfumo kuna mtu anapungukiwa, na huyo mtu naye ana mbunge wake.

Ukipata nafasi ya kusoma karatasi moja ya hizi usianze na jumla. Nenda kwenye dhana, tafuta sentensi inayosema nani atanunua lebo, kisha tafuta kama wameweka gharama ya kuendesha baada ya mwaka wa pili au wameishia kwenye kujenga, kisha angalia kama kuna hata 0.5 ya mtu wa kuchambua data. Colorado mkaguzi wa serikali alipoangalia mwaka 2013 alikuta zaidi ya dola milioni 1 zimeshatumika kwenye mfumo wa kufuatilia bangi ya matibabu na mfumo wenyewe haupo, hela ziliisha kabla haujakamilika. Na ukikuta wameandika kwamba gharama haiwezi kujulikana kwa sasa, kuna kisanduku kabisa cha hivyo, usidhani ni sifuri. Mara nyingi aliyeijaza alipewa masaa 72 na muswada ambao haujasema kinachohesabiwa ni mmea, loti au kipakti.